Tupime sukari ya kila mgonjwa mahututi, si ya mwenye kisukari pekee

Kuna maneno yanayosikika mara nyingi nje ya milango ya ICU: "Halafu ana sukari." Anayeyasema anaweza kuwa daktari, muuguzi au shemeji wa mgonjwa aliyetoka kununua dawa, na anayeyasikia huelewa kwamba matumaini yamepungua. Janga la UVIKO-19 liliikoleza imani hiyo, kwa kuwa taarifa za vifo zilikuwa haziishi kutaja maradhi mengine aliyokuwa nayo marehemu, na kisukari kilikuwa hakikosekani. Kwa maoni yangu, imani hiyo imeshika upande mmoja wa ukweli na kuuacha ule unaozihusu zaidi hospitali zetu. Kisukari kinachojulikana, chenye faili na dawa zake, si adui mkubwa kuliko wote wa mgonjwa mahututi. Anayestahili kuogopwa zaidi ni sukari ambayo hakuna aliyekuwa na habari nayo, na sukari inayoshushwa kwa insulini bila mtu wa kuipima mara kwa mara. Hospitali ikilikubali hilo, itaanza kwa kubadili utaratibu wa nani apimwe. Atapimwa kila anayeingia akiwa na hali mbaya, awe amewahi kuambiwa ana kisukari au hajawahi.

Ushahidi ulioshtua wengi ulitoka Atlanta, Marekani, mwaka 2002. Guillermo Umpierrez na wenzake walipitia mafaili ya watu wazima zaidi ya 1,800 waliolazwa katika hospitali moja na kupimwa sukari. Katika wale ambao sukari yao ilikuwa ya kawaida, waliofia hospitalini walikuwa asilimia 1.7. Katika wenye kisukari kinachojulikana, asilimia 3. Katika wale waliokutwa na sukari ya juu ilhali hawakuwa na historia yoyote ya ugonjwa huo, asilimia 16. Si wote waliokuwa ICU, lakini sura hiyohiyo imejirudia kwa wagonjwa mahututi. Mwaka 2013 James Krinsley na wenzake walikusanya takwimu za wagonjwa karibu 45,000 kutoka ICU 23. Kwa asiye na kisukari, wastani wa sukari ulipofika karibu milimoli 8 kwa lita na kupanda, hatari ya kufa iliongezeka. Kwa mwenye kisukari, wastani wa kati ya 6 na 10 uliambatana na hatari ndogo zaidi, na kilichoambatana na hatari kubwa ni sukari iliyokaa chini ya hapo, katika kiwango ambacho kliniki ya kawaida ingekisifia. Kwa hiyo sukari ya 9 ilikuwa dalili mbaya kwa mmoja na jambo la kawaida kwa mwingine, ingawa kipimo kilisoma namba ileile.

Sababu yake haihitaji maneno makubwa. Mwili uliopata ajali, maambukizi makali ya damu au upasuaji mkubwa hujitafutia nguvu kwa haraka. Adrenalini na kotisoli hupanda, ini hufungulia akiba yake ya sukari, na misuli huacha kuitikia insulini kama ilivyozoea. Hospitali nayo huongeza yake, kwa dripu zenye glukosi, dawa za kupandisha presha, na dawa za jamii ya steroidi kama deksamethasoni, ambayo mwaka 2020 ilithibitika kupunguza kwa karibu theluthi moja vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na ambayo hupandisha sukari bila kificho. Sasa chukua watu wawili waliofikishwa hospitalini wote wakiwa na sukari ya 13. Mmoja amekuwa akiishi na 12 kwa miaka, na mishipa na ubongo wake vimeizoea hali hiyo, ingawa inamdhuru polepole. Mwingine sukari yake siku zote ni 5. Huyu wa pili ama mwili wake umo katika taharuki kubwa, ama alikuwa na kisukari na hakuna aliyewahi kumwambia. Kinachotisha ni umbali kati ya sukari ya mtu ya kila siku na ile aliyoingia nayo, na umbali huo hauwezi kujulikana kwa kumuuliza kama ana kisukari na kuweka alama ya vema kwenye fomu.

Msomaji makini atasema kwamba namba hizi zinaweza kudanganya, na ana haki. Huenda wenye kisukari hufikishwa ICU mapema zaidi, tena kwa matatizo yanayotibika haraka, kama damu kujaa asidi kwa kukosa insulini, ilhali wale wa Atlanta waliokufa kwa asilimia 16 huenda waliletwa wakiwa hoi na sukari ilipanda kwa sababu walikuwa wameshaanza kufa. Yaani sukari ni moshi, moto uko kwingine. Nakubaliana na sehemu kubwa ya pingamizi hilo, na wala sidai kwamba kisukari ni kinga. Ila moshi nao una kazi yake. Kipimo kinachogharimu tone la damu na dakika moja, kikimwonyesha daktari wa zamu kwamba huyu asiye na historia ya kisukari yuko katika hatari kubwa kuliko anavyoonekana, ni kipimo cha kuthaminiwa hata kama sukari yenyewe siyo inayoua. Wadi yenye wagonjwa wengi na daktari mmoja inahitaji sana ishara ya namna hiyo.

Pingamizi la UVIKO-19 ni gumu zaidi. Utafiti uliofuatilia wagonjwa 3,140 waliopelekwa ICU au vitengo vya uangalizi wa karibu katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, ulichapishwa mwaka 2021 na kuonyesha kwamba karibu nusu yao, asilimia 48.2, walifariki ndani ya siku 30. Kisukari kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kifo. Hilo halina ubishi, na kwa virusi vile mwenye kisukari alikuwa kweli katika hatari zaidi. Hata hivyo, uzito wenyewe unahitaji kutazamwa. Kisukari kiliongeza uwezekano wa kufa kwa takriban robo, ugonjwa wa figo ulikaribia kuuzidisha maradufu, na vivyo hivyo VVU/UKIMWI. Watafiti wenyewe walielekeza kidole pia kwenye upungufu wa vitanda, vifaa na huduma kama usafishaji wa damu. Utafiti huo huo ambao watu wangeutumia kusema "kisukari kinaua ICU" unasema vilevile kwamba mgonjwa hufa kwa kukosa huduma ambazo angezipata kwingine. Kinachosikika mtaani ni sehemu ya kwanza tu.

Kama sukari ya juu inaambatana na kifo, kwa nini basi tusiishushe hadi iwe ya kawaida na kumaliza maneno? Swali hilo liliulizwa Leuven, Ubelgiji, na timu ya Greet Van den Berghe. Mwaka 2001 walitangaza matokeo ya wagonjwa 1,548 wa ICU ya upasuaji, wengi wao wakiwa wametoka kupasuliwa moyo. Waliobanwa sukari kati ya 4.4 na 6.1 kwa insulini ya mfululizo walikufa ICU kwa asilimia 4.6, wenzao walioachwa na sukari ya juu zaidi kwa asilimia 8. Ulimwengu wa tiba ulifurahi kupita kiasi. Hospitali nyingi zilianza kubana sukari kwa nguvu, hadi mwaka 2009 ulipotoka utafiti wa NICE-SUGAR wa wagonjwa zaidi ya 6,100, hasa wa Australia, New Zealand na Canada. Hapo waliobanwa ndio waliokufa zaidi, asilimia 27.5 ndani ya siku 90, dhidi ya 24.9 ya wale ambao madaktari waliridhika sukari yao isizidi 10. Sukari kushuka vibaya, hadi 2.2 au chini yake, kuliwapata asilimia 6.8 ya waliobanwa na nusu asilimia tu ya wenzao. Ubelgiji walirudi uwanjani mwaka 2023 na wagonjwa zaidi ya 9,000, safari hii wakiongozwa na programu ya kompyuta iliyopanga dozi na bila lishe ya mapema ya kwenye mshipa ambayo wagonjwa wa 2001 walipewa kwa wingi. Kushuka kwa sukari kulikuwa kuchache, lakini hakukuwa na tofauti ya vifo wala ya siku za kukaa ICU. Mwongozo unaofuatwa leo sehemu nyingi umetulia hapo: anza insulini sukari ikizidi 10, na usilazimishe ishuke sana chini ya 8.

Historia hiyo ina somo kwa wale wanaodhani kumjali mwenye kisukari ni kumchoma insulini nyingi. Mgonjwa aliyelazwa usingizi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia hawezi kusema anatetemeka, jasho lake halimshtui mtu, na kuchanganyikiwa kwake hakuonekani kwa kuwa tayari hana fahamu. Sukari ikimshuka hadi 2, hakuna atakayejua mpaka apimwe, na ubongo haungoji zamu ya asubuhi. Wapo waliojaribu kulegeza zaidi kwa wenye kisukari cha aina ya pili, wakiruhusu sukari ipande hadi 14 kwa kuwa miili yao imeizoea. Jaribio lililofanyika Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba sukari ilishuka kwa wagonjwa wachache zaidi, lakini haikupatikana faida ya kuokoa maisha. Kwa hiyo hata ulegevu una mpaka wake. Kinachobaki bila kupingwa na upande wowote ni upimaji wa mara kwa mara, maana bila huo hakuna namba ya kulenga, iwe 6, 9 au 14.

Upimaji wenyewe una mitego, na hapa mambo madogo yanaamua makubwa. Katika wadi nyingi kipimo ni kile kimashine cha mkononi, sindano ya kidole na kijiti cha kudondoshea damu. Kwa mtu wa kliniki ya kawaida kinatosha kabisa. Kwa mgonjwa ambaye presha imeshuka, vidole vimepoa na mikono imevimba, damu ya kidoleni haifanani na inayozunguka moyoni na kichwani, na namba inayotoka inaweza kukosea juu au chini. Ongeza upungufu wa damu. Vimashine vingi, damu inapokuwa na seli chache, husoma sukari kuwa juu kuliko ilivyo. Muuguzi anaona 11, anafuata mwongozo, anaongeza insulini, kumbe sukari ya kweli ilikuwa 7 na sasa inaelekea pabaya. Katika nchi ambazo upungufu wa damu ni jambo la kila siku wadini, hilo si suala la vitabuni. Dawa yake inajulikana: kwa mgonjwa wa namna hiyo chukua damu ya mshipa au ya ateri, na ipelekwe maabara au kwenye mashine ya kupima gesi za damu pale ilipo. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, nacho kinasaidia sana kujua sukari ya mtu ya kila siku ilikuwa ngapi, ila huharibika kwa mwenye selimundu au aliyetoka kuongezewa damu, na wote hao ni wengi kwetu. Daktari anayejua mitego hii atafanya kazi njema na kimashine cha bei ndogo. Asiyeijua atamdhuru mgonjwa hata akiwa na ICU mpya inayong'aa.

Kwa nini tulishike hili hapa Afrika Mashariki kuliko Ulaya? Kwanza kwa sababu ya wasiojijua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba Afrika kusini mwa Sahara ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na asilimia 54 kati yao hawajagunduliwa. Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umeshakuta kisukari kwa asilimia 9 ya watu wazima. Maana yake ni kwamba swali "ana kisukari?" likiulizwa kwa ndugu wa mgonjwa asiye na fahamu, jibu "hapana" mara nyingi ni "hatujui" lililovaa nguo nyingine. Pili, wengi wa wagonjwa mahututi wetu hawako ICU. Utafiti wa ACIOS uliochapishwa mwaka 2025 uliwahesabu karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika na kukuta kwamba mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na kwamba asilimia 69 ya hao walikuwa kwenye wadi za kawaida. Mmoja kati ya watano wa mahututi hao alifariki ndani ya siku saba. Mjadala wa bungeni na magazetini huwa ni wa idadi ya vitanda vya ICU na mashine za kupumulia, vitu vinavyozinduliwa kwa utepe. Ninavitaka pia. Lakini hata vikiongezwa maradufu, wengi wa mahututi watabaki wadini, na huko ndiko sukari isikopimwa.

Nitaambiwa kwamba wauguzi hawatoshi na vijiti huisha katikati ya mwezi. Ni kweli, na sitapendekeza kwamba wadi ya wagonjwa hamsini ipime kila mtu kila saa. Lakini tayari tunao mfano wa nyumbani. Wadi za watoto katika ukanda huu zimezoea kwa miaka mingi kupima sukari ya mtoto mwenye malaria kali, kwa kuwa malaria hiyo huishusha na kwinini huishusha zaidi, na kila anayefanya kazi huko anajua kwamba mtoto aliyezimia hupimwa sukari pamoja na malaria. Wadi zilezile zenye upungufu uleule wa watu zimeweza, kwa sababu kipimo kilifanywa kuwa sehemu ya kumpokea mgonjwa na si hiari ya daktari mwenye muda. Kwa watu wazima tabia hiyo haijajengeka. Presha, joto, mapigo na oksijeni huandikwa kwenye chati ya mahututi, halafu sukari hungoja mtu akumbuke kuiagiza. Kuiingiza katika safu hiyohiyo hakuhitaji jengo jipya. Mgonjwa asiyepata insulini na ambaye sukari yake iko sawa anaweza kupimwa mara chache kwa siku, na nguvu zikaelekezwa kwa yule aliye kwenye dripu ya insulini. Huyo asipoweza kupimwa kila saa moja au mbili, ni salama zaidi asiwekwe kwenye dripu hiyo, apewe sindano za chini ya ngozi kwa uangalifu.

Lipo jambo moja ambalo wanaokiogopa kisukari wako sahihi kabisa, nalo ni figo na vidonda. Mwenye kisukari cha muda mrefu huingia ICU na figo ambazo mara nyingi zimeshachoka, na maambukizi au presha kushuka huzimalizia. Akihitaji kusafishwa damu, gharama na umbali wa mashine huamua mengi kuliko ujuzi wa daktari. Kidonda cha upasuaji nacho huambukizwa kwa urahisi sukari ikiwa juu. Haya ni madhara ya kisukari kilichoachwa kwa miaka, na ICU inayapokea tu. Ndiyo maana sikubaliani na tabia, ambayo haiandikwi popote lakini ipo, ya kumsukuma mwenye kisukari nyuma ya foleni ya kitanda kimoja kilichobaki kwa hoja kwamba "hatatoka huyu". Kinachostahili kuangaliwa ni figo zake, moyo wake, umri wake na kile kilichomleta. Kijana aliyejaa asidi kwa kukosa insulini, kwa mfano, ni kati ya wagonjwa wanaorudisha haraka zaidi gharama ya kitanda hicho. Akipata maji, insulini na potasiamu iliyosimamiwa vizuri, anaweza kuwa anakula mwenyewe ndani ya siku chache.

Kazi nyingine huanza mlangoni wakati wa kutoka, na hiyo ndiyo tunayoipoteza kirahisi kabisa. Yule aliyekutwa na sukari ya 13 bila historia, akanusurika, huandikiwa dawa za mapafu au miadi ya mfupa wake uliovunjika na kuruhusiwa. Sukari imeshuka, basi imesahaulika. Baadhi yao ilikuwa taharuki ya mwili tu na itakuwa imekwisha. Baadhi walikuwa na kisukari kabla ya ajali na wanarudi nacho nyumbani, na wengine watakipata ndani ya miaka michache. Kenya imeanzisha, kwa sheria ya mwaka 2023, mfuko ambao jina lake linaweka pamoja dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi, na Tanzania mwaka huohuo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Vitita vya mifuko hiyo vinapopangwa, kuna mistari miwili ya kuingiza ambayo haitagharimu hata sehemu ndogo ya bei ya mashine moja ya kupumulia. Wa kwanza, vijiti vya sukari vihesabiwe ndani ya malipo ya siku ya mgonjwa mahututi, awe ICU au wadini, ili ndugu asitumwe duka la dawa kuvinunua saa nane usiku. Wa pili, barua ya ruhusa ya kila aliyekutwa na sukari ya juu kwa mara ya kwanza iandikwe namba hiyo na tarehe, wiki sita mpaka kumi na mbili mbele, ya kwenda kupimwa tena katika kituo cha karibu na kwao, na kipimo hicho kiwe kimeshalipiwa.